Vitz mpya Tabora: ipi ni tabia ya gari na ipi ni hitilafu

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Ipuli, Tabora mjini. Nimechukua Vitz ya 2015, injini ndogo ya cc 990, gia CVT, imetoka Japani ikiwa imetembea kilomita 68,000. Shule iko nje ya mji, na karibu kilomita 9 za njia ni vumbi na mchanga. Nikisimama kwenye D inatetemeka, injini inajizima kwenye foleni kisha inawaka yenyewe, na nikikanyaga mafuta inanguruma lakini haichomoki. Nikibeba walimu wenzangu wanne inagusa chini. Fundi wa kwanza anataka kubadilisha maunti zote za injini na kuinua springi. Wa pili anasema niweke oili nzito ya 20W-50, mtetemo utaisha. Nimsikilize nani? Na likizo ya Desemba naweza kwenda nayo Kigoma?

JIBU: Mwalimu, hongera kwa gari. Kwa sasa usimruhusu yeyote kati ya hao wawili afungue kitu. Mtetemo mdogo, injini kujizima, na kunguruma bila kuchomoka ni tabia za gari hilo tangu kiwandani. Kugusa chini ni suala la uzito. Mambo yanayohitaji pesa yako mwezi huu hukuyataja, na ni kawaida kutoyataja, kwa sababu gari linalokuja na meli haliji na historia ya sevisi unayoweza kuitegemea.

Nianze na oili, maana hapo ndipo hasara inaweza kuingia wiki hii hii. Injini yako ni 1KR-FE, silinda tatu, cc 996. Njia zake za oili ni nyembamba, na mfumo wa VVT-i unaopanga ufungukaji wa vali unaendeshwa na msukumo wa oili hiyohiyo. Toyota wameitengenezea oili nyepesi ya 0W-20. Kwa joto la Tabora 5W-30 nayo inafaa kabisa, na hupatikana kwa urahisi zaidi madukani. 20W-50 ni nzito mno: asubuhi injini ikiwa baridi inachelewa kufika juu kwenye vali, na sekunde hizo chache za kila siku ndizo zinazokwangua vyuma. Matumizi ya petroli yataongezeka kidogo, na mtetemo utabaki palepale kwa sababu hautokani na oili. Oili nzito ina kazi moja ambayo wauza magari wanaijua vizuri: kuficha injini inayokula oili. Ukiimimina sasa utakuwa umejifunga macho mwenyewe.

Kipimo ni lita 3.1 ukibadilisha oili pamoja na filta. Galoni inayouzwa ni ya lita 4, na mafundi wengi huimimina yote kwa sababu mteja ameilipia. Hilo ni kosa kubwa. Oili ikizidi, kranki huipiga ikatoa povu, na povu halilainishi kitu; nyingine hupanda kwenye bomba la kupumulia injini na kuchomwa. Simama hapo gereji, oili iishie katikati ya alama mbili za kijiti, au chini kidogo ya ile ya juu. Inayobaki, kama robo ya galoni, ondoka nayo nyumbani. Dai pia washa (ringi) mpya ya nati ya kumwagia oili.

Badilisha sasa, badilisha tena baada ya kilomita 2,500 ili usafishe mabaki ya huko lilikotoka, kisha shika mwendo wa kila kilomita 5,000. Vumbi la njia yako haliruhusu kuzidisha hapo. Kila unapojaza tangi vuta kijiti uangalie, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika tano. 1KR iliyocheleweshewa oili huwa na tabia ya kuila. Ukijua mapema inapunguza kiasi gani kwa kilomita 1,000, utaamua ukiwa na takwimu mkononi.

Sasa mtetemo. Injini ya silinda tatu haina mizani ya asili ya ile ya nne, kwa hiyo ikiwa taratibu, kwenye D na ea kondishena imewashwa, utausikia kwenye kiti na usukani. Jaribu hivi: ukiwa umesimama, hamishia N. Mtetemo ukipungua sana au kutoweka, na ukiongeza mafuta kidogo kwenye N injini ikatulia, hiyo ni tabia yake. Hitilafu ina sura nyingine. Injini inakata-kata bila mpangilio, taa ya cheki injini inawaka au inapepesa, au kuna kishindo ukitoka D kwenda R.

Maunti, yaani vishikizi vya mpira vinavyobeba injini, hupimwa kabla ya kubadilishwa. Boneti wazi, breki ya mkono na ya mguu zimekanyagwa imara, hakuna mtu mbele ya gari, ingiza D, rudi N, ingiza R. Injini itainama kidogo kila mara, na hiyo ni sawa. Ikiruka na kugonga, au mpira wa maunti ukionekana umechanika, badilisha hiyo moja iliyokufa. Kubadilisha zote kwa maunti za bei rahisi, zenye mpira mgumu, huongeza mtetemo badala ya kuupunguza.

Mahali pa kuanzia kwa gari la umri huo ni plagi, ambazo ni tatu tu, pamoja na throto, yaani mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, ambao hushika masizi. Usafishwe kwa dawa yake na kitambaa, swichi ikiwa imezimwa. Likipimwa kwa mashine likatoa namba P0301, P0302 au P0303, hizo ni silinda inayokosa moto, ya kwanza hadi ya tatu. Kabla hujanunua koili, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme, mwambie fundi abadilishane koili ya silinda inayolalamikiwa na ya jirani yake, afute namba, mwendeshe kidogo mpime tena. Namba ikihama na koili, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, tafuta kwenye plagi au noze. Na yeyote akikwambia ubadilishe mkanda wa taimingi, jua hajui injini hii: inatumia cheni. Mkanda ulioko nje ni wa altaneta na wenzake.

Injini kujizima kwenye foleni ni mfumo wa kuokoa mafuta. Ukitaka, zima kwa kitufe chenye herufi A iliyozungukwa na mshale. Utalazimika kukibonyeza kila unapowasha gari upya. Kwa foleni za Tabora, ambazo si nyingi, faida yake ni ndogo, na mimi ningeuzima kila siku. Kinachohusu mfuko wako zaidi ni betri. Gari lenye mfumo huu linatumia betri ya aina yake, inayostahimili kuwasha injini mara nyingi. Kwa alama za Kijapani huandikwa mfano M-42, N-55 au Q-85, wakati ya kawaida huandikwa mfano 46B24L. Soma alama ya iliyomo kabla ya kwenda dukani. Betri ya kawaida itafanya kazi, lakini usipouzima mfumo itakufa mapema. Dalili ya betri kuchoka ni mfumo wenyewe kuacha kuzima injini hata ikiwa imepata moto.

Kunguruma bila kuchomoka kuna sababu mbili. CVT haina gia za kupanda moja moja. Ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazobadili upana. Ukikanyaga ghafla, hupandisha kwanza mzunguko wa injini, kisha mwendo unafuata. Ukikanyaga polepole na kushikilia, gari linakwenda vizuri zaidi na kelele inapungua. Sababu ya pili ni mji wenyewe. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Injini yako ilianza na nguvu farasi zisizofika 70. Toa asilimia 12, toa inayochukuliwa na ea kondishena, ongeza watu watano, na hicho ndicho unachokisikia. Ukitaka kulipita lori barabara ya Nzega, zima ea kondishena kwanza, hakikisha kipande kilicho wazi ni kirefu kuliko unavyodhani, na kama huna uhakika kaa nyuma.

Ila haidroliki ya gia boksi yako lazima iwe ya CVT. Toyota wanaiita CVT Fluid FE. Haidroliki nyekundu ya gia otomatiki za kawaida ikiingia humo mkanda unateleza, na gia boksi ya namna hiyo kwa kawaida haitengenezwi, inanunuliwa nyingine. Gia boksi hii haipimwi kwa kijiti kama oili. Inapimwa kwa kufungua nati maalumu gari likiwa limenyooka na haidroliki ikiwa na joto linalotakiwa, kwa hiyo mpe fundi aliyewahi kuifanya, na hakikisha kwa macho yako kwamba anapima kiasi kilichotoka. Kwa kilomita 68,000 ibadilishe mara moja, kisha kila kilomita 40,000. Na gari likikwama njiani, lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Linyanyuliwe mbele, au lipakiwe. Kuvutwa mwendo mrefu injini ikiwa imezimwa kunaiua CVT kwa kukosa ulainishaji.

Nije kwenye kugusa chini. Vitz hii tupu ina uzito wa kama kilo 970, na Japani abiria mmoja huhesabiwa kilo 55, kwa hiyo watu watano ni kilo 275 na uzito wa jumla kwenye hati ni kama kilo 1,245. Angalia hati yako ya usafirishaji, utaiona. Walimu watano wa kilo 70 hadi 80 kila mmoja, na madaftari kwenye buti, tayari wamepita hesabu hiyo. Nafasi kati ya gari na ardhi ni sentimita 14 tu likiwa tupu. Jibu la kwanza, hata kama halipendezi kwa wenzako, ni kuwa watu watatu ndani ya gari, wewe ukiwemo, siku za njia mbaya.

Kabla ya kuinua, pima. Simamisha gari tupu mahali tambarare, pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, nyuma na mbele. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwenzake kwa zaidi ya sentimita 1, kuna springi iliyochoka na hiyo ndiyo ya kubadilishwa, kwa jozi. Spesa za sentimita 2 juu ya springi gari linavumilia, ukifuatisha na alaimenti. Zaidi ya hapo, pembe ya ekseli za mbele inaharibika, mipira inayofunika viungo vyake inachanika, vumbi linaingia kwenye grisi, na utaanza kusikia kata-kata-kata ukikata kona. Tairi kubwa nazo hazisaidii kama watu wanavyoamini. Kutoka 165/70R14 kwenda 175/70R14 unapata milimita 7 tu. Pesa hiyo bora uiweke kwenye sampo gadi ya chuma, yenye tundu la kumwagia oili na nafasi za kupitisha hewa. Nyingi za hizi Vitz hufika zikiwa na plastiki ya chini iliyovunjika au isiyokuwepo kabisa.

Vumbi ndilo adui wa kweli wa gari lako, kuliko yote uliyoandika. Ea klina ifunguliwe kila kilomita 2,500, ipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na baada ya kupulizwa mara tatu au nne inunuliwe mpya. Isioshwe kwa maji wala petroli, ni karatasi. Klipu za boksi lake zikikosa kukaza, mchanga unapita pembeni na kwenda moja kwa moja kwenye silinda. Pitisha kidole kwenye bomba baada ya filta. Ukiona vumbi, boksi halijafunga. Ea kondishena ikipuliza kwa unyonge, usikimbilie kujaza gesi. Filta ya ndani iko nyuma ya droo ya dashibodi, hutoka bila spana, na mara nyingi ndiyo iliyoziba. Breki za nyuma ni za ngoma. Zifunguliwe na kusafishwa kila kilomita 10,000, la sivyo vumbi linakwangua na kupiga kelele.

Kuna jambo la magari yenye mlango wa nyuma uliosimama kama hili: likitembea, upepo hujikunja nyuma na kunyonya vumbi. Ukifungua kioo cha mbele tu, vumbi linaingia kwenye buti na kusafiri hadi usoni mwa abiria. Funga vioo vyote, washa feni ikivuta hewa ya nje, na msukumo wa ndani utalizuia. Badili kwenda mzunguko wa ndani pale tu unapolifuata lori.

Na kwa kuwa uko Tabora, utaegesha chini ya mwembe, hakuna namna. Utomvu wake uoshwe siku hiyohiyo kwa maji na sabuni ya gari, ukikaukia juani unabaki na alama. Majani yaondoe kila wiki kwenye mfereji ulio chini ya waipa. Yakiziba, mvua ya kwanza ya Novemba itaingia kwenye feni ya ndani na zulia la abiria litalowa bila wewe kujua maji yametoka wapi.

Dashibodi yako haina mshale wa joto, ina taa mbili. Ya bluu huwaka injini ikiwa baridi na huzima baada ya dakika chache. Ikiendelea kuwaka kwenye mwendo, thermostati imeng'olewa au imekwama wazi, na irudishwe. Usikubali maneno kwamba nchi ya joto haihitaji thermostati: injini isiyopata joto lake hula petroli na huchafua oili. Nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo, hata mita 500 ni nyingi. Kichwa cha injini ni aluminiamu na hupinda. Usifungue kifuniko cha rejeta likiwa na moto. Kwenye rejeta weka kulanti ya rangi ya waridi iliyokwisha kuchanganywa, si maji ya kisima, na ukiona ukoko wa waridi karibu na wota pampu, inavuja.

Matairi yaangalie leo. Yakiwa yameandikwa STUDLESS, ni ya theluji: mpira wake ni laini, kwenye lami ya moto yanaisha haraka na breki inakuwa ndefu. Tarehe iko ubavuni, tarakimu nne, 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Yaliyotoka na gari tangu likiwa jipya yastaafishwe. Upepo fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kimeandikwa kPa, na kila 100 ni psi 14.5. Kwenye mchanga mzito shusha hadi psi 20, nenda mwendo mmoja bila kusimama, na jaza tena ukifika lami. Kama gari lina kitufe chenye picha ya gari linaloteleza, kishikilie sekunde chache ukiwa umesimama ili mfumo usikukate nguvu katikati ya mchanga. Gurudumu likianza kuchimba, acha kukanyaga. Kuzungushia tairi hewani kisha likashika ghafla ndiyo njia ya haraka ya kuumiza CVT.

Kisha fungua sakafu ya buti. Vitz nyingi za miaka hiyo hazina tairi la akiba, zina chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo ina tarehe ya mwisho na haizibi tairi lililopasuka ubavu. Nunua rimu ya chuma ya inchi 14, matundu manne ya 4x100, pamoja na tairi lake, jeki na spana ya nati. Hakikisha pia una mtungi wa kuzimia moto na pembetatu mbili za tahadhari.

Mambo madogo nayapitia haraka. Redio ya Kijapani inaanzia 76 FM na inaishia chini ya stesheni zetu nyingi. Kifaa cha kuongeza bendi ni cha bei ndogo. Sauti ya kike inayozungumza Kijapani kila ukiwasha, mara nyingi ni kisanduku cha kulipia barabara za huko, chomoa waya wake. Spea nunua kwa namba ya chesisi inayoanza na KSP130. Ukisema "Vitz" tu utapewa ya KSP90, na haitaingia.

Matumizi ya petroli pima mwenyewe: jaza hadi pampu ijikate, rudisha tripu sifuri, tembea walau kilomita 250, jaza tena kwenye pampu ileile, gawa kilomita kwa lita. Kwa njia yako kilomita 14 hadi 17 kwa lita ni afya. Ikishuka chini ya 12, anza na upepo wa tairi, ea klina na breki zinazoshika, kabla ya injini.

Kigoma, sasa. Njia ya Urambo na Kaliua, Daraja la Kikwete pale Malagarasi, Uvinza, kisha Kidahwe, ni zaidi ya kilomita 400. Tangi lako ni la lita 42, linatosha kwa hesabu, lakini jaza Kaliua, na usinunue petroli ya chupa vijijini: maji na mchanga vikiingia kwenye pampu ya ndani ya tangi, safari imeishia hapo. Desemba ni mvua. Siku moja kabla, nenda stendi uwaulize madereva wa mabasi yaliyofika jana kutoka Kigoma hali ya njia na kama bado kuna kipande kibaya, waulize pia kama magari madogo yamepita au wameona basi tu. Wakikwambia kuna lori limelala kwenye tope, ahirisha siku mbili tatu njia ikauke.

Ukienda, muwe watatu na mizigo, mwendo wa 80, na uanze saa 12 alfajiri ili kipande kibaya, kama kipo, ukipite mchana. Kwenye dimbwi usiloliona chini, shuka, acha mtu apime kwa fimbo. Maji yakifika katikati ya gurudumu usiingie, kwa sababu mdomo wa kuvutia hewa uko mbele na injini ikivuta maji fimbo za pistoni zinapinda. Oili, kulanti lita moja na taulo ya zamani viwe kwenye buti, na sevisi ya kwanza iwe imeshafanyika wiki mbili kabla, ili kama fundi aliacha nati haijakaza, uvujaji uuone ukiwa Ipuli.